Karatasi au Vinasaba: Kufuata Ukoo wa Baba Hadi kwa Mwingereza wa Kwanza Aliyehamia Marekani

Mwaka 1859, kabla hajagombea urais, Abraham Lincoln aliombwa aandike habari fupi za maisha yake. Kuhusu wazee wake hakuwa na mengi ya kusema. Alijua kwamba babu yake mzaa baba, naye akiitwa Abraham, alitoka kaunti ya Rockingham huko Virginia akahamia Kentucky, na kwamba kabla ya hapo ukoo ulikuwa kaunti ya Berks, Pennsylvania. Kupita hapo hakujua kitu. Alieleza kwamba watu walijaribu kuuhusisha ukoo wake na akina Lincoln wa New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki kama Massachusetts, wakaambulia majina ya kufanana tu: Enoch, Levi, Mordecai, Solomon, Abraham.

Thomas Jefferson, rais wa tatu, hakuwa mbali na hapo. Katika tawasifu yake alitaja simulizi ya upande wa baba yake, kwamba mzee wao wa kwanza kufika Amerika alitoka Wales, karibu na mlima Snowdon. Ilikuwa simulizi bila hati.

Leo tunajua zaidi kuhusu koo zote mbili, ila kwa njia mbili tofauti kabisa. Ukoo wa Lincoln umefuatwa kizazi baada ya kizazi mpaka mji mdogo katika kaunti ya Norfolk, Uingereza, na kazi hiyo ilifanywa na karatasi. Ukoo wa Jefferson umepata mwanga kutoka maabara, lakini mhamiaji wa kwanza na mahali alikozaliwa bado havijathibitishwa. Mtu akiniuliza aanze na nyaraka au anunue kipimo cha vinasaba, humwambia atazame kwanza ukoo anaoutafuta unafanana na upi kati ya hizi mbili.

Swali lenyewe si geni kwetu. Waswahili wengi wanaoishi Marekani wameoa au kuolewa katika familia zenye majina ya Kiingereza, na watoto wao wanakua wakiuliza jina hilo lilitoka wapi. Wazee wetu wa pwani huhesabu fulani bin fulani bin fulani mpaka pumzi iwaishie, kwa hiyo hamu ya kuujua mstari wa kuumeni tunaielewa bila kuelezwa. Tofauti ni kwamba huko hakuna mzee aliyeihifadhi nasaba yote kichwani. Iko kwenye madaftari ya miji, mahakama na makanisa, au imo kwenye damu.

Kabla ya kuchagua, fanya hesabu moja. Kuanzia mwaka 1635, siku za uhamiaji mkubwa wa Waingereza, mpaka leo ni vizazi kumi na viwili au kumi na vitatu. Ukirudi vizazi kumi na viwili una nafasi 4,096 za wazazi wa kizazi hicho. Mstari wa baba wa baba wa baba ni nafasi moja tu kati ya hizo. Lakini nafasi hiyo moja ina bahati ambayo nyingine hazina: kwa desturi ya Kiingereza jina la ukoo hupita kwa baba kwenda kwa mwana, na kromosomu Y, sehemu ya vinasaba walio nayo wanaume tu, nayo hupita kwa baba kwenda kwa mwana. Alama mbili, ya karatasi na ya mwili, zinatembea njia moja. Ndiyo sababu tunaweza kuzilinganisha na kuitumia moja kuikagua nyingine.

Karatasi: ukoo wa Lincoln

Samuel Lincoln alibatizwa Hingham, Norfolk, mwaka 1622. Mwaka 1637 alivuka bahari akiwa mtumishi wa mfumaji wa Norwich, kisha akaenda kuishi katika mji mpya ambao watu wa kwao walikuwa wameshaupa jina la kwao: Hingham, Massachusetts. Mwanawe Mordecai alikuwa mhunzi. Mjukuu, naye Mordecai, aliondoka Massachusetts akafanya biashara ya chuma New Jersey na baadaye Pennsylvania, akafariki 1736. Kitukuu, John, alihamia Virginia miaka ya 1760. Kilembwe, Abraham, alikwenda Kentucky na akauawa huko 1786. Mtoto wake Thomas ndiye baba wa rais.

Tazama uzi ulipokatika. Wengi hudhani kazi ngumu ni kuvuka bahari, kumbe kwa Lincoln bahari haikuwa tatizo kubwa. Uzi ulikatika pale Mordecai mdogo alipotoka Massachusetts. Vitabu vya mji aliouacha havikueleza maisha yake ya baadaye, na majirani wapya hawakuwa na sababu ya kuandika alikotoka. Kilichosaidia kuuunga tena ni ardhi. Katika wosia wake Pennsylvania, Mordecai alimwachia mwanawe John ekari 300 zilizoko New Jersey. Shamba hilo liliwafunga pamoja Mordecai wa New Jersey, Mordecai wa Pennsylvania na John aliyekwenda Virginia, watu ambao mtu angeweza kudhani hawahusiani. Watafiti walioikamilisha kazi hii walifanya hivyo baada ya Lincoln kufa, na walichokuwa nacho ni wosia, hati za mashamba na rejista za ubatizo.

Hii ndiyo nguvu ya karatasi: inataja nani ni mwana wa nani. Kipimo cha vinasaba hakiwezi kukuambia jina la mtu aliyekufa 1736. Udhaifu wake ni kwamba inategemea kama karatasi yenyewe iliandikwa, na kama ilinusurika. Hapo ndipo koloni alilofikia babu linapoamua karibu kila kitu.

Massachusetts na Virginia si kitu kimoja

Kati ya 1620 na 1640 Waingereza wapatao 20,000 walihamia New England. Wengi walikuja kwa familia, baba, mama na watoto, wengine kijiji kizima nyuma ya mchungaji wao. Walikuwa watu wa kusoma na kuandika kwa kiwango kisicho cha kawaida kwa wakati ule, na mwaka 1639 koloni la Massachusetts liliagiza kuzaliwa, ndoa na vifo viandikwe. Kumbukumbu za miji mingi mpaka 1850 zimechapishwa vitabu. Wosia zipo, orodha za mali za marehemu zipo, mikutano ya mji ilihifadhiwa. Baada ya 1640 mkondo wa wahamiaji ulipungua sana, kwa hiyo idadi ya watu wa kuwachunguza ina mpaka. Jumuiya ya nasaba ya New England iliyoanzishwa Boston mwaka 1845, ambayo leo inajulikana kwa jina la American Ancestors, imeendesha tangu 1988 utafiti wa kuwachambua wahamiaji hao mmoja mmoja: alifika lini, alitoka wapi kama inajulikana, mke nani, watoto gani, na ushahidi wa kila dai. Kama babu yako yumo humo, kazi ya karne ya 17 imeshafanywa na watu makini kuliko wewe na mimi. Anzia hapo.

Virginia ni habari nyingine. Jamestown ilianza 1607, miaka kumi na mitatu kabla ya meli ya Mayflower kufika Massachusetts, lakini sehemu kubwa ya Wazungu waliofika karne ile walikuwa watumishi wa mkataba, vijana wa kiume waliokuja peke yao, wakafanya kazi miaka kadhaa kulipia nauli. Kijana asiye na mke, asiye na shamba wala kanisa linalomjua huacha alama chache. Rejista za parokia ni pungufu. Kisha ukaja moto. Kaunti kadhaa zilipeleka vitabu vyao vya mahakama Richmond ili viwe salama wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na Aprili 1865 mji huo uliungua pamoja na vitabu hivyo. Kaunti ya James City, ambako Jamestown yenyewe ilikuwa, ni mojawapo ya zilizopoteza karibu kila kitu.

Lakini asikukatishe mtu tamaa kwa kusema Virginia hakuna kitu. Accomack na Northampton, upande wa mashariki wa ghuba ya Chesapeake, zina kumbukumbu za mahakama zinazokwenda mfululizo tangu 1632. Na kuna hati za ardhi. Chini ya utaratibu ulioanza 1618, aliyemlipia mtu nauli ya kuja alipewa haki ya ekari 50, na majina ya walioletwa yaliandikwa kwenye hati. Maktaba ya jimbo la Virginia imeziweka mtandaoni. Zisome kwa uangalifu: haki hizo ziliuzwa mkono kwa mkono, kwa hiyo tarehe ya hati haikuambii tarehe ya kufika. Mtu anaweza kuwa alitua miaka mingi kabla jina lake halijatumika kudai shamba.

Kwa hiyo ulinganisho wangu wa kwanza ni huu: kama mzee wa mbali zaidi unayemjua alikufa Massachusetts, Connecticut au Rhode Island kabla ya 1750, weka pesa na muda kwenye karatasi. Kama alikufa Virginia, Maryland au Carolina, anza karatasi na kipimo kwa pamoja, maana kuna uwezekano mkubwa karatasi zikakufikisha mahali zikasimama.

Katikati ndipo watu hukwama

Watu hutumia nguvu zote kwenye meli. Wanatafuta orodha ya abiria, wanamuuliza kila mtu kuhusu Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji cha New York. Ellis Island ilifunguliwa 1892, haina habari za babu wa 1635. Orodha za abiria za serikali ya Marekani zinaanza 1820. Za karne ya 17 zilizobaki ni chache, nyingi za miaka ya 1634 na 1635, na wahamiaji wengi hawamo katika orodha yoyote. Ukoo unaweza kuthibitishwa bila kuijua meli.

Pengo halisi kwa familia nyingi liko kati ya 1780 na 1850. Baada ya vita vya uhuru, vijana wa New England waliacha mashamba yenye mawe wakaenda Vermont, magharibi ya New York, Ohio na kuendelea. Waliacha miji inayoandika kila kitu wakaingia mahali pasipoandika. Jimbo la New York halikuanza kusajili vizazi na vifo kwa utaratibu wa jimbo zima mpaka karibu 1880. Sensa nazo hazisaidii sana: ya kwanza ni ya 1790, lakini mpaka 1840 zilitaja jina la mkuu wa kaya tu, wengine wakawa hesabu ya vichwa kwa umri na jinsia. Ni mwaka 1850 ndipo kila mtu huru alipotajwa jina, na 1880 ndipo uhusiano wake na mkuu wa kaya ulipoandikwa. Ya 1890 sehemu yake kubwa iliharibika kwa moto wa Washington wa 1921.

Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na kaka wawili wa 1820 huko Ohio, wenye jina moja, na asijue baba yao ni yupi kati ya watano wenye jina hilo Connecticut. Hapa karatasi za kutafuta ni hati za kuuza shamba, faili za mirathi, na maombi ya pensheni ya askari wa vita vya uhuru. Sheria za pensheni za 1818 na 1832 ziliwafanya wazee walioishi mbali waeleze kwa kiapo walizaliwa wapi na walipigana kikosi kipi, na wajane wao baadaye walileta vyeti vya ndoa, wengine hata kurasa za Biblia ya familia. Faili hizo ziko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani na zimepigwa picha. Kwangu hakuna karatasi tamu kuliko hizo, kwa sababu ndani yake mzee anasema mwenyewe.

Kwenye kusoma karatasi hizi kuna mitego ambayo huwanasa hata wazoefu. Mpaka 1752 Waingereza walihesabu mwaka mpya kuanzia tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari iliyoandikwa 1640 kwetu ni 1641, na vitabu vingi huandika 1640/41. Ukikuta John mkubwa na John mdogo katika mji mmoja, usiwafanye baba na mwana mara moja. Alama hizo zilitenganisha watu wa jina moja kwa umri tu, wawe ni mtu na baba yake mdogo au wasihusiane kabisa, na mkubwa akifa mdogo alipanda cheo. Na ile hadithi ya ndugu watatu waliovuka pamoja, mmoja akaenda kaskazini, mmoja kusini, mmoja magharibi, inapatikana katika koo nyingi mno kuwa kweli kwa zote.

Vinasaba: ukoo wa Jefferson

Mwaka 1998 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya kipimo kilichozungumzwa dunia nzima. Swali lilikuwa kama Jefferson alizaa na Sally Hemings, mwanamke aliyekuwa mtumwa wake. Jefferson hakuacha mwana wa ndoa aliyeishi akazaa, kwa hiyo kromosomu Y yake haikuweza kupatikana kwa mjukuu. Watafiti walikwenda pembeni: walitafuta wanaume wa ukoo wa Field Jefferson, baba yake mkubwa. Kromosomu yao ililingana na ya mwanamume wa ukoo wa Eston Hemings, mtoto wa mwisho wa Sally, aliyezaliwa 1808. Haikulingana na ya ukoo wa Thomas Woodson, ambao nao kwa vizazi vingi walisimulia kwamba wametoka kwa Jefferson.

Hapo unaona uwezo na mpaka wa kipimo. Kilithibitisha kwamba baba wa Eston alikuwa mwanamume wa ukoo wa Jefferson. Hakikuweza kusema ni Thomas na si nduguye Randolph, maana ndugu wana kromosomu moja. Kilichosaidia kuamua ni karatasi: kumbukumbu zinazoonyesha Jefferson alikuwepo Monticello, nyumbani kwake, kila mara ambapo Sally alishika mimba, na simulizi ya Madison, mtoto mwingine wa Sally. Mwaka 2000 taasisi inayohifadhi Monticello ilihitimisha kwamba uwezekano mkubwa ni yeye.

Sasa kuhusu asili ya Uingereza. Kromosomu ya Jefferson iko katika kundi lililoitwa wakati huo K2, leo T, ambalo ni nadra sana Ulaya na limeenea zaidi Afrika Mashariki na Mashariki ya Kati. Watu walianza kuwaza mengi. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, waliwapima wanaume 85 wa Uingereza wenye jina Jefferson wasiojuana undugu, wakapata wawili wenye kromosomu ya aina hiyohiyo. Kwa hiyo mstari huo ulikuwepo Uingereza wenyewe pamoja na jina lake, na ulikuwa umefika huko zamani zaidi. Msomaji wa Mogadishu au Muscat anaweza kuwa na undugu na Jefferson, lakini ni undugu wa maelfu ya miaka. Nasisitiza hili kwa sababu watu hupokea jina la kundi kubwa wakalichukua kama jina la kabila. Kundi halikuambii babu yako wa 1635 alikuwa nani. Kinachokuambia ni kulingana kwako kwa karibu na mtu mwingine ambaye karatasi zake zimekamilika.

Hiyo ndiyo namna ya kukitumia kipimo vizuri. Chukua wale kaka wawili wa Ohio. Kama mmoja ana mzao wa kiume wa kuumeni aliye hai, na kati ya koo tano za Connecticut kuna wanaume waliokwisha kupimwa, kipimo kinaweza kufuta koo nne kwa mara moja. Kazi ambayo karatasi ingeshindwa, inamalizika. Kwa upande wa Uingereza, ukilingana na mtu wa Suffolk mwenye jina lako ambaye ukoo wake haukuwahi kuhama, una sababu ya kufungua rejista za parokia za Suffolk badala ya kupapasa nchi nzima.

Nafasi ya kupata jibu inategemea pia jina. Utafiti mwingine wa Leicester kuhusu majina ulionyesha kwamba wenye majina adimu, kama Attenborough, mara nyingi hushiriki mstari mmoja, wakati wenye majina kama Smith hawashiriki zaidi ya watu wowote wawili wa barabarani. Smith walikuwa wahunzi wa kila kijiji. Mwenye jina adimu apime mapema. Mwenye jina la kawaida asubiri mpaka awe na mtu maalumu wa kujilinganisha naye.

Kuna vipimo vya ngazi tofauti. Vya alama 37 au 111 huhesabu marudio ya vipande vifupi vya kromosomu, na vinatosha kuuliza kama watu wawili ni wa ukoo mmoja. Kipimo kikubwa, kama Big Y-700 cha FamilyTreeDNA ya Houston, husoma sehemu ndefu na kutafuta mabadiliko mapya ambayo mtu mmoja alianza nayo na kuwarithisha wanawe. Hicho ndicho kinachoweza kutenganisha tawi la kaka mkubwa na tawi la mdogo. Cha alama 37 ni nafuu, kikubwa huenda dola mia kadhaa. Kama fedha ni ya kipimo kimoja, afadhali kikubwa kwa mtu sahihi kuliko vidogo kwa watu watatu wa nyumba moja, maana baba na wanawe watatoa jibu lilelile.

Mtu sahihi ni nani? Hapa familia zetu zilizochanganyika huchanganyikiwa. Dada yetu aliyeolewa na Mmarekani, mwanawe wa kiume anabeba kromosomu ya ukoo wa mumewe, kwa hiyo anaweza kupimwa yeye au baba yake. Kaka yetu aliyeoa Mmarekani, watoto wake wa kiume wanabeba kromosomu ya kwao Tanga au Lamu, na kuwapima hakutasema lolote kuhusu ukoo wa mkewe. Amwombe baba mkwe, au shemeji wa kiume, au mtoto wa kiume wa baba mdogo wa mkewe. Vile vipimo vya kawaida vya asilimia za asili, ambavyo wengi wameshapewa kama zawadi, ni kitu kingine. Vinasaidia kupata ndugu wa vizazi vitano au sita, na baada ya hapo nguvu yake hufifia. Haviwezi kukurudisha mwaka 1635 kwenye mstari mmoja.

Na kuna jambo la kuambiana mapema, kabla mzee hajatema mate kwenye kichupa. Tafiti za Ulaya Magharibi zinakadiria kwamba katika karibu asilimia 1 ya vizazi, baba wa kwenye karatasi si baba wa damu: mtoto wa kulea, mtoto wa ndoa ya kwanza aliyechukua jina la baba wa kambo, au siri ya nyumba. Asilimia 1 inaonekana ndogo. Ukiikusanya kwa vizazi kumi na viwili, ni takriban koo 11 kati ya 100 ambazo karatasi na damu vitaachana mahali fulani. Familia iamue kabla kwamba jina walilorithi ni lao hata kama damu itasema vingine. Faragha nayo ifikiriwe: mwaka 2023 wadukuzi walipata taarifa za mamilioni ya wateja wa kampuni ya vipimo vya vinasaba 23andMe, na Machi 2025 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa ufilisi. Unapompima shemeji, unaweka pia taarifa za ndugu zake ambao hawakuulizwa.

Mti uliokwisha kuchorwa

Njia ya tatu ndiyo inayovutia zaidi na ndiyo ninayoiogopa zaidi: kufungua tovuti, kuandika jina la babu, na kukuta mstari umefika mpaka kwa mfalme. FamilySearch, inayoendeshwa na kanisa la Wamormoni bila malipo, ina mti mmoja ambao kila mtu anaweza kuuhariri. Ancestry ina miti ya watu binafsi inayonakiliana. WikiTree hudai uthibitisho zaidi, hasa kwa waliozaliwa kabla ya 1700. Picha za nyaraka zilizomo humo ni hazina. Miti yenyewe ni dokezo tu.

Sababu moja ni kwamba uongo uliingia zamani, kabla ya kompyuta. Gustave Anjou, aliyefariki 1942, alijipatia riziki New York kwa kuwauzia matajiri wa Kimarekani nasaba za Uingereza alizozibuni, zenye wosia na rejista ambazo hazikuwahi kuwepo. Kazi zake ziliwekwa maktaba, zikanakiliwa, na bado zinazunguka kwenye miti ya mtandaoni. Ukiona mhamiaji wa kawaida wa 1638 amepewa baba mwenye cheo na nembo, tafuta rejista yenyewe. Parokia za Uingereza ziliagizwa kuweka rejista mwaka 1538, nyingi zimesalia, na ubatizo wa kweli utaonekana. Hata ukiuona, kwamba John fulani alibatizwa Essex mwaka 1610 haitoshi. Onyesha kwamba John huyo hakuzikwa utotoni, hakuoa hapo hapo kijijini, na kwamba kitu fulani kinamfunga na John wa Massachusetts: wosia wa mjomba unaotaja mpwa aliyeko New England, kwa mfano. Wosia zilizothibitishwa mahakama ya Canterbury kuanzia 1384 mpaka 1858 ziko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew, na ndizo zilizofungua milango mingi kati ya pwani mbili za Atlantiki.

Wanaotaka uanachama wa jumuiya ya wazao wa Mayflower wana faida moja. Jumuiya hiyo, iliyoanzishwa 1897, imechapisha vizazi vitano vya kwanza vya abiria walioacha uzao, kwa hiyo wewe unahitaji kumfikia mtu wa katikati ya miaka ya 1700 tu. Lakini meli hiyo ilibeba abiria 102 na karibu nusu walikufa katika mwaka wa kwanza. Ukoo wako una uwezekano mkubwa zaidi wa kutoka kwa mmoja wa wale maelfu waliofuata, na huo haupungukiwi chochote.

Nani achague nini

Kama una vyeti vya vizazi vitatu na hujapita 1850, usinunue kitu. Fanya karatasi kuanzia mtoto kwenda kwa baba, bila kuruka. Maktaba nyingi za umma Marekani zinakuruhusu kutumia Ancestry bure ukiwa ndani, na vituo vya FamilySearch vinafungua picha ambazo nyumbani hazifunguki.

Kama umekwama kati ya 1780 na 1850, tafuta ardhi na mirathi kwanza, si za babu peke yake bali za kaka zake na majirani waliohama naye. Ukishakuwa na koo mbili au tatu zinazoshukiwa, hapo kipimo kina kazi ya kufanya. Mtafiti wa kulipwa pia anafaa hapa, apewe swali moja la wazi na kaunti moja. Ukimwambia "nitafutie ukoo wangu" utalipia saa nyingi.

Kama umefika kwa mhamiaji mwenyewe na hujui kijiji chake Uingereza, vinasaba na wosia za Kiingereza viende pamoja.

Kwa Wamarekani Weusi, ambao kati ya robo na theluthi ya wanaume wao wana kromosomu Y ya Ulaya, mpangilio unageuka. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja kwa majina wengi waliokuwa watumwa, na karatasi za kabla yake ziliandikwa na waliowamiliki, mara nyingi bila kumtaja baba. Kwao kipimo kije mapema, kisha karatasi za familia ya mwenye shamba zisomwe kwa kuongozwa na jina ambalo kipimo kimelitoa. Ndivyo wazao wa Sally Hemings walivyosikilizwa baada ya miaka karibu mia mbili.

Na kwa kila familia, kama mwanamume wa mwisho wa mstari ni mzee na hana mwana, mpime sasa kwa ridhaa yake, hata kama karatasi hazijaanza. Mstari wa rais Lincoln mwenyewe ulikwisha kuumeni, mwanawe Robert akafariki 1926 baada ya kumzika mwanawe wa kiume wa pekee. Anayetaka kromosomu ya rais leo hana budi kurudi nyuma akatafute mzao wa kiume wa ndugu wa baba zake. Karatasi za kaunti ya Berks zinaweza kusubiri mwaka mwingine.